Chupa Isiyovunjika

Stendi ya Muheza huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Magari yanayotoka Tanga kwenda Segera, na kutoka hapo Dar es Salaam au Moshi, hupita mjini hapa kungali giza. Ya kwenda Amani, milimani, hupakia mizigo, na pembeni mwa barabara mafungu ya machungwa yameshapangwa. Kina mama wa chai nao wameshafika. Mmoja wao ndiye mwenye kisa hiki. Nimemtunga wala sikumpa jina, ila hakuna alilolifanya ambalo watu makini hawalifanyi kila siku, na ndiyo sababu naona kisa chake kinastahili kusimuliwa.

Alikuwa akiuza chai ya maziwa na uji. Chai yake ilisifiwa kwa iliki, ile inayolimwa kwenye milima ya Usambara Mashariki juu ya mji huu, na kwa tangawizi aliyoitwanga mwenyewe. Vyombo vyake vilikuwa chupa mbili za chai za zamani, zenye maua nje na kioo ndani. Zilimtumikia miaka mingi kwa sababu hazikusafiri: zilitoka jikoni zimesimama ndani ya ndoo, zikakaa mezani stendi hadi zikaisha.

Msimu wa machungwa ulipofika, wateja walipungua, maana vijana wote walikuwa mashambani wakichuma na kupakia malori. Akaamua kuwafuata huko. Akazipanga chupa kapuni, akapanda bodaboda. Pikipiki ikaingia shimoni, kapu likadondoka. Chupa moja ilionekana nzima kabisa kwa nje, lakini alipoiinua akasikia vigae vikicheza ndani. Mwenzake akamshauri aichuje chai kwa kitambaa kizito ili hasara isiwe kubwa. Alikataa, akaimwaga yote chini ya mchungwa. Alifanya sawa, na ningependa kila muuza chai afanye hivyo. Kioo cha chupa ni chembamba mno, na kikipasuka hutoa chembe ambazo ndani ya maziwa hazionekani. Hakuna kitambaa kinachoweza kumpa mtu dhamana kwamba chembe hizo hazitafika kooni mwa mteja.

Usiku ule alikata shauri kwamba hatanunua tena chupa inayovunjika. Shauri lenyewe lilikuwa jema. Tatizo ni kwamba aliliendea soko na shauri hilo tu, bila maswali ya kutosha.

"Karibu mama," kijana wa vyombo akamwambia. "Hii chuma kitupu. Tazama." Akaiachia mwenyewe chini kwenye saruji. Ikadunda, haikupata hata mkwaruzo wa maana.

"Inakaa na moto muda gani, mwanangu?"

"Saa ishirini na nne, mama. Imeandikwa hapa."

Imeandikwa kweli, kwenye karatasi iliyobandikwa tumboni. Simlaumu kijana, kwa sababu naye alikuwa akisoma alichobandikiwa. Mama akalipa. Akachukua kubwa ya chai, na ndogo ya aina ileile kwa ajili ya uji wa mwanawe wa mwisho, aliyekuwa akiachwa nyumbani na dada yake.

Asubuhi ya kwanza akiwa njiani kwenda shambani alikumbatia chupa ile mpya kifuani. Alfajiri ya Muheza msimu huo ina ubaridi, na chupa ilikuwa na joto zuri mikononi mwake. "Hii ina moto kweli," akamwambia dereva, akifurahi.

Naomba msomaji asimame hapa nami kidogo, kwa sababu kisa chote kimo katika joto lile alilolihisi viganjani. Joto lililomfikia mkononi lilikuwa limeshatoka kwenye chai. Chupa iliyo sawa, hata ikiwa imejazwa chai inayochemka, nje yake hubaki na ubaridi uleule wa kitu kilicholala kabatini. Yeye aliichukua dalili ya ugonjwa akaifanya dalili ya afya. Wengi wetu tunafanya hivyo kila siku, tunaishika chupa yenye vuguvugu na kuisifu.

Joto lina njia tatu za kutoroka. Hupita katika vitu vinavyogusana, kama linavyopanda kwenye mpini wa kijiko kilichoachwa ndani ya sufuria. Huchukuliwa na hewa au maji yanayozunguka. Na husafiri lenyewe kama miali, jinsi joto la jua linavyotufikia bila kuhitaji hewa ya kulibeba. Chupa ya chai inaziziba njia zote tatu kwa hila moja ya ajabu. Ina kuta mbili, na hewa iliyokuwa katikati ya kuta hizo imenyonywa ikatolewa. Palipo tupu hapana cha kugusana na hapana cha kuzunguka. Miali nayo hurudishwa na uso unaong'aa, ndiyo maana kioo cha ndani kimepakwa utando wa fedha. Mahali pekee ambapo kuta hizo mbili hukutana ni shingoni, karibu na mfuniko, na hapo ndipo joto kidogo huvuja hata kwenye chupa bora.

Chupa mpya ya mama yetu ilikuwa na kuta mbili, naam, lakini katikati yake mlikuwa na hewa. Labda haikunyonywa kabisa kiwandani, labda ilinyonywa na kuziba kwake kukawa hafifu. Kuta mbili zenye hewa ni sawa na kujifunga kanga mbili wakati wa baridi, zinasaidia kwa muda lakini hazikufikishi asubuhi. Na jambo la kutisha kuhusu chombo hiki ni kwamba kinachofanya kazi hakionekani. Rangi, uzito, mng'aro, jina lililochorwa ubavuni, vyote vinaonekana, na hakuna hata kimoja kinachoshika joto.

Chombo chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya chai. Mwaka 1892 mjini London, mwanasayansi Mskoti James Dewar alitafuta namna ya kutunza gesi zilizogeuzwa kuwa vimiminika, zenye baridi kupita barafu yoyote, zisipate joto la nje zikachemka na kupotea. Akaunda chombo cha kioo chenye kuta mbili na utupu katikati. Hakukisajili kama ubunifu wake, na baadaye alipokwenda mahakamani akashindwa. Fundi wa vioo wa Berlin, Reinhold Burger, ndiye aliyekivika gamba la chuma, akakisajili mwaka 1903, na mwaka uliofuata kikaanza kuuzwa kwa jina la Thermos. Miaka hiyohiyo Wajerumani walikuwa hapa kwetu. Reli yao kutoka Tanga ilikuwa imefika Muheza mwaka 1896, na taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo ilianzishwa Amani mwaka 1902. Mwaka 1913 Mmarekani William Stanley akaleta chupa ya chuma kitupu, isiyo na kioo cha kupasuka. Kwa hiyo alichokitaka mama yetu kilikuwapo duniani kwa zaidi ya miaka 100, na hakukosea kukitaka.

Wauza kahawa wa mwambao hawakuhitaji hila hiyo. Dele la kahawa hutembea na makaa yake chini, na kikombe cha mwisho ni cha moto sawa na cha kwanza. Mwenye makaa anaongeza joto kila linapopungua. Mwenye chupa alishalitia joto lake lote alfajiri, na kazi iliyobaki ni kulilinda.

Mashambani, kufikia saa nne wateja walianza kunung'unika kwamba chai imepoa. Mama akapunguza bei, akaanza kutoa kijiko cha sukari cha ziada kama kifuta jasho. Hasara ile angeivumilia. Kilichomfika nyumbani ni kizito zaidi.

Uji wa mtoto ulikuwa wa unga wa mahindi na maziwa. Aliupika saa kumi na moja alfajiri, akautia kwenye ile chupa ndogo, akaujaza hadi nusu tu, akampa binti yake maelekezo: mdogo wako akiamka umpe kikombe, na mchana umpe kilichobaki. Saa saba mchana binti alifungua chupa, akaona uji una uvuguvugu. Alikuwa msichana mwenye bidii, akaumimina kwenye sufuria akauchemsha upya mpaka ukatokota, kisha akaupoza na kumnywesha mtoto. Kabla ya alasiri mtoto alianza kutapika. Alitapika mfululizo, akalegea, midomo ikamkauka. Jirani akawakimbiza hospitali ya Teule, mtoto akapewa maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko, na kufikia usiku macho yakarudi kuwa na uhai. Alipona. Nimeandika hivyo mapema ili msomaji asisome yanayofuata kwa hofu, ayasome kwa makini.

Siku ya pili akaja bibi wa mtaa, muuguzi mstaafu, kumjulia hali mgonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nionyesheni huo uji ulikaa wapi."

Binti alikuwa analia. "Niliuchemsha, bibi. Ulitokota kabisa mbele ya macho yangu."

"Najua uliuchemsha, mjukuu wangu. Hukufanya ubaya. Lakini kuna sumu ambayo jiko haliiwezi."

Bibi aliwaeleza jambo ambalo kila nyumba yenye mtoto mdogo na chupa ya chai inapaswa kulijua. Kwenye nafaka na maziwa huwamo bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Wakipikwa hawafi wote, maana huacha mbegu ngumu zinazostahimili kuchemshwa. Uji ukiwa wa moto sana, mbegu hizo hulala. Uji ukishuka ukawa wa uvuguvugu na kukaa hivyo, mbegu huamka na kuzaana kwa kasi, na bakteria hao wanaweza kuacha sumu ya kutapisha. Ukiuchemsha tena unawaua bakteria, lakini sumu yao inabaki kama ilivyo, kwa kuwa joto la jikoni haliivunji. Kutapika huanza baada ya nusu saa hadi saa sita hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 mpaka kinapoliwa, na kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili. Chupa mbovu huvunja shauri hilo kwa namna mbaya kuliko sufuria iliyoachwa wazi. Uji wa sufuriani hupoa upesi, na mtu huuona umepoa. Chupa mbovu huushusha polepole, ikaushikilia kwenye uvuguvugu ule unaopendwa na bakteria kwa saa nyingi, huku mfuniko umefungwa na kila mtu akiamini umehifadhiwa.

"Nilipokuwa kazini," bibi akasema, "tulipanda vijijini na kisanduku cha chanjo chenye barafu. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8. Hatukukiamini kisanduku kwa sababu ni kipya au kizito. Tuliweka kipimajoto ndani. Na kwenye kichupa chenyewe kuna kialama, mraba ndani ya duara; ukipata joto mraba unazidi kukolea rangi, na ukifikia rangi ya duara, basi chanjo hiyo humchomi mtoto wa mtu. Wewe uji wa mwanao uliupima kwa kitu gani?"

Mama hakuwa na jibu, maana chupa ya aina ileile aliipima kwa mkono wake mwenyewe kwenye bodaboda, na mkono ulimwambia kinyume.

Vialama hivyo vya chanjo vilianza kutumika mwaka 1996, na tangu hapo muuguzi wa kijiji asiye na maabara anaweza kujua kama joto limeshaharibu kilichomo ndani ya kichupa. Chupa ya chai haina kialama. Lakini ina kipimo rahisi kuliko hicho, na bibi alimfundisha mama hapohapo jikoni.

Chemsha maji mpaka yatokote. Yajaze chupani, funga, iache isimame dakika kumi. Kisha pitisha kiganja kwenye tumbo la chupa na chini kwenye kitako. Shingoni pakiwa na vuguvugu usijali, hapo kuta zinakutana. Tumbo au kitako kikiwa na joto, utupu haupo, na hakuna fundi wa kuurudisha. Kipimo cha pili kinataka subira: funga tena maji yaliyotokota, fungua baada ya saa sita, tia kipimajoto cha jikoni. Chupa nzuri ya lita moja huwa bado juu ya nyuzi 70. Mtu wa Amani, aliye juu kwa mita kama 900, akumbuke kwamba maji yake huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, kwa hiyo anaanza chini kidogo kuliko mtu wa Tanga mjini.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi wanakiamini, cha kuweka sikio mdomoni mwa chupa tupu na kusikiliza mvumo. Ningependa tukiache. Chombo chochote chenye uwazi ndani huvuma sikioni, hata mtungi.

Mama akarudi sokoni, safari hii akiwa na maswali mengi kuliko lile la kwanza. Kwa meza ya stendi na ya nyumbani alinunua tena ya kioo. Wenzake walishangaa. Mimi nakubaliana naye kabisa. Kioo hakishiki harufu, hutunza moto vizuri sana, na kikivunjika gamba halitupwi, hununuliwa kioo kingine kikapachikwa. Kabla ya kulipa alifungua kitako akatazama ile ncha ndogo ya kioo, mahali hewa iliponyonywa na kuzibwa, kama ni nzima na imekalia mpira wake. Ncha hiyo ikipata ufa, chupa imekwisha ingawa kioo kingine chote ni kizima.

Kwa ajili ya mashambani alitaka chuma, na hapa ndipo kuna mengi ya kuangalia. Chuma cha pua si kimoja. Kinachofaa kwa vyombo huandikwa 304 au 18/8, yaani asilimia 18 ya kromu na 8 ya nikeli. Kipo cha bei nafuu, 201, chenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, nacho hushika kutu upesi zaidi, hasa penye upepo wa chumvi, au mtu akitilia ndimu na ukwaju. Alitafuta mdomo usio mpana sana, kwa sababu mdomo mpana ni mlango mpana wa joto. Akaufungua mfuniko na kuutenganisha vipande vyake vyote, akitaka kuona kama ule mpira wa kuzuia kuvuja unatoka kwa kucha. Mfuniko usiofunguka huficha maziwa ya jana, na maziwa ya jana ndiyo yanayochachusha chai ya leo. Akauliza kama mpira huo unauzwa peke yake. Akapapasa mwili mzima kutafuta bonde, maana chuma kikibonyea mpaka ukuta wa nje ukagusa wa ndani, joto limepata daraja, na utupu uliobaki haumsaidii tena. Akatazama pia kama kile kisahani cha kitakoni kimeshika imara. Kwenye baadhi ya chupa kinafunika tone la kuzibia lenye risasi. Kampuni ya Stanley ilieleza hadharani mwaka 2024 kwamba chupa zake huzibwa hivyo, na kwamba risasi hiyo haigusi kinywaji maadamu kifuniko chake kipo. Kisahani kikibanduka, chupa hiyo isikae tena mikononi mwa mtoto.

Muuzaji wa kwanza alikataa kabisa habari ya maji ya moto dukani. Wa pili akasema, "Mama, lipa, nikuandikie risiti, kajaribu nyumbani. Ikikataa irudishe kesho." Aliijaribu jioni ileile. Tumbo likapata joto. Kesho yake akairudisha, akapewa nyingine ya aina ileile, na hiyo ikabaki baridi nje kama jiwe la mtoni. Ndiyo maana sisemi nunua aina hii au ile. Katika sanduku moja la chupa zilizofanana, moja yaweza kuwa nzima na ya jirani yake ikawa imeshapoteza utupu kwenye kontena.

Siku hizi kabla ya kumimina chai huipasha chupa moto kwanza kwa maji yaliyochemka, dakika tano, kisha huyamwaga. Huijaza karibu na shingo, kwa kuwa chupa iliyojaa nusu hupoa upesi. Jioni hutoa mpira, huosha kila kipande kwa brashi na sabuni, hukianika, na chupa hulala wazi bila mfuniko. Hatumii steelwool, wala dawa ya klorini ya kufulia, ambayo hukitoboa chuma cha pua vishimo vidogo. Uji wa mtoto binti huupika mwenyewe mchana. Unga na maziwa huachiwa, na kwa siku ambazo hapana budi uji ukae, unawekwa kwenye chupa iliyojaribiwa, umejazwa, na kwenye karatasi ya gundi ubavuni pameandikwa saa ya mwisho ya kunywewa, yaani muda wa saa tatu tangu chupa kufungwa.

Zile mbili za chuma za kwanza hazikutupwa. Haziwezi kutunza moto, lakini hazivuji, hivyo wachumaji hubebea maji ya kunywa shambani. Ameziwekea alama ya rangi nyekundu kwenye mfuniko, ili mtu yeyote jikoni mwake, hata mgeni, asije akazitilia chai wala kitu chenye maziwa.